RFE ya elimu: ofisa wa uhamiaji wa Marekani anauliza nini hasa

Mtu akipata RFE, yaani barua ya uhamiaji wa Marekani inayodai ushahidi zaidi, na barua hiyo ikawa inahusu elimu yake, kwa kawaida hukimbilia kutafuta kampuni nyingine ya tathmini itakayoandika ripoti nzuri kuliko ile ya mwanzo. Unaweza kumwelewa. Barua inasema elimu yake haijathibitishwa, naye anajua alisoma, akafaulu na akavaa joho, basi anatafuta shahidi wa pili. Lakini maofisa wa USCIS, idara inayoshughulikia uraia na uhamiaji, mara nyingi hawabishi kwamba alisoma. Wanachouliza ni kama masomo hayo yanaingia ndani ya kanuni ya ombi lililo mezani, na kanuni hizo zinatofautiana. Cheti kilekile kinaweza kupitisha viza ya kazi ya H-1B leo na kuangusha ombi la grinikadi miaka miwili baadaye, bila mtu yeyote kuwa amedanganya.

Kwa hiyo isome barua hadi ujue ofisa amekwama wapi. Kurasa nyingi ni maneno ya kunakili: vifungu vya kanuni, mifano ya vielelezo, maonyo. Swali lenyewe huwa limejibana katika aya moja au mbili, zile zinazotaja jina lako, chuo chako na mwaka. Hapo ndipo utakapoona kama anatilia shaka uhalali wa cheti, ngazi yake, fani yake, tarehe kilipotolewa, au kama kinalingana na sifa ambazo mwajiri mwenyewe aliandika kuwa anazitaka. Ukijibu la ngazi wakati umeulizwa la fani, umetuma bahasha nene isiyo na jibu.

Kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Kwenye H-1B na grinikadi nyingi za kazi, mwombaji kisheria ni mwajiri, na wewe ni mnufaika tu. Barua inakwenda kwake na kwa wakili wake. Unaweza kukaa wiki tatu hujui chochote, halafu ukapigiwa simu kuambiwa utafute transkripti kutoka chuo kilicho ng'ambo ya bahari. Ukishajua ombi lako limepelekwa, mwombe mwajiri mapema akujulishe barua yoyote ikifika, na akupe angalau nakala ya sehemu inayohusu elimu yako. Anayejiombea mwenyewe chini ya EB-2 (kundi la pili la grinikadi za kazi) kwa hoja ya maslahi ya taifa huipokea moja kwa moja, naye anatakiwa kwanza athibitishe kwamba ana shahada ya juu au kipaji cha kipekee kabla ya hoja ya maslahi ya taifa kuangaliwa.

Muda ni ule ulioandikwa kwenye barua. Kanuni inaruhusu wiki 12 kwa upeo, na ofisa hana mamlaka ya kuongeza. Jibu linatakiwa liwe limefika siku hiyo. Mhuri wa posta wa siku hiyo haukusaidii. Tena linatumwa mara moja tu. Ukituma nusu ukaahidi nusu nyingine, kanuni inakuhesabu kuwa umeomba uamuzi kwa hicho ulichotuma.

Hesabu ya miaka 16

Swali la ngazi ndilo linalowasumbua watu wetu zaidi, na chanzo chake ni hesabu. Mmarekani anasoma miaka 12 hadi kumaliza sekondari, kisha miaka 4 ya chuo kikuu. Jumla 16. Mwaka 1977 uhamiaji walitoa uamuzi unaoitwa Matter of Shah, uliohusu digrii ya India ya miaka 3, wakasema digrii ya namna hiyo hailingani na shahada ya kwanza ya Marekani. Uamuzi huo bado unatajwa kwenye barua za leo. Ofisa akiona transkripti ya miaka 3, ndio unaomjia kichwani.

Sasa chukua Mtanzania aliyesoma shahada ya biashara ya miaka 3. Kwenye faili lake kuna cheti cha shahada na transkripti, basi. Ofisa anaona mihula sita, anaandika RFE. Ambacho hakioni, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha, ni kwamba mtu huyu alisoma msingi miaka 7, sekondari miaka 4, kisha kidato cha tano na cha sita miaka 2, ndipo akaingia chuo. Saba na nne na mbili na tatu ni 16. Mhindi wa Matter of Shah alikuwa na 10 na 2 na 3, ambayo ni 15. Hizo kesi mbili zinafanana kwenye karatasi ya mwisho tu.

Jibu basi lijengwe kuanzia chini. Weka cheti cha kidato cha nne na cha sita vya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, au cheti cha kidato cha sita kinachoitwa UACE kwa Mganda, au KACE kwa Mkenya wa mfumo wa zamani kabla ya 8-4-4. Weka sifa za kujiunga na programu hiyo kama chuo kilivyozichapisha mwaka ulioingia, zionyeshe kwamba bila kidato cha sita au diploma usingepokelewa. Kisha mtathmini aeleze kwamba masomo ya kidato cha sita ni ya ngazi ambayo vyuo vingi vya Marekani huyapa krediti za mwaka wa kwanza, na kwamba mfumo huu umerithiwa kutoka Uingereza, ambako digrii ya miaka 3 inayofuata kidato cha sita kwa kawaida hukubaliwa kuwa sawa na ya Marekani. Faili la namna hii haliahidi ushindi, lakini linamlazimu ofisa ajibu hoja badala ya kuhesabu mihula.

Mkenya wa 8-4-4 ana raha hapa, kwa kuwa 8 na 4 na 4 zinafika 16 bila maelezo. Anayepata taabu ni aliyeanza na diploma, chuo kikuu kikampunguzia mwaka au miwili, na transkripti yake ikawa inaanzia mwaka wa pili. Kwa ofisa hiyo ni digrii yenye pengo. Huyo atume diploma na transkripti yake, pamoja na barua ya chuo ya kumpokea inayosema amesamehewa masomo gani na kwa nini. Vivyo hivyo kwa Mtanzania aliyepitia diploma badala ya kidato cha sita.

Kwa Wakongomani hesabu ni nyingine. Mfumo wa zamani ulikuwa na graduat ya miaka 3, kisha licence ya miaka 2 juu yake. Mwenye graduat peke yake anafikia 6 na 6 na 3, ambayo ni 15, mahali palepale pa Mhindi wa mwaka 1977. Mwenye licence anafikia 17 na hana la kuhofia, ilimradi atume diploma zote mbili. Mfumo mpya wa LMD (licence, master, doctorat) nao umeleta licence ya miaka 3, yenye jina lilelile la ile ya zamani iliyokamilika kwa miaka 5. Kama una licence ya zamani, hakikisha ripoti yako inasema hivyo wazi na kutaja miaka yote mitano, maana ofisa akiifananisha na ile mpya anakushusha ngazi kwa jina tu.

Kwa wanaosoma sasa, hesabu inabadilika. Mtaala mpya wa Kenya ni 2-6-3-3-3, na ukiondoa ile miaka 2 ya awali unabaki na 15. Tanzania nayo, kwa sera ya elimu toleo la 2023, inapunguza elimu ya msingi iwe miaka 6. Ikifuatwa na 4, 2 na digrii ya miaka 3, hiyo nayo ni 15. Sijaona wizara hata moja ikiwazungumzia watakaopeleka vyeti hivyo nje, na nadhani mawakili wa uhamiaji wa miaka ya 2030 watakuwa na kazi.

Kinachokubaliwa H-1B na kukataliwa kwenye grinikadi

Kanuni za H-1B zinaruhusu kuunganisha. Penye upungufu wa mwaka mmoja wa chuo, miaka 3 ya kazi ya kitaalamu inaweza kuujaza. Kwa hiyo mwenye graduat ya Kongo ya tarakilishi na miaka 3 ya kazi ya programu anaweza kuhesabiwa kuwa na usawa wa shahada. Uzoefu huo unatakiwa uwe wa kazi inayohitaji ujuzi wa fani yenyewe, umefanywa kati ya wenzako, wasimamizi au walio chini yako wenye shahada, na pawe na ushahidi kwamba wataalamu wa fani wanakutambua. Barua ya bosi inayosema ulikuwa mchapakazi na mwaminifu haijagusa hata kimoja kati ya hivyo.

Hapa kuna mtego ambao umeangusha maombi mazuri. Kanuni inasema kampuni ya kutathmini vyeti inaaminika kwa *elimu* tu. Kuthamini uzoefu wa kazi na kuugeuza kuwa krediti za chuo ni kazi ya mtu mwingine: ofisa wa chuo cha Marekani kinachotambuliwa, mwenye mamlaka ya kutoa krediti kwa uzoefu, katika chuo chenye utaratibu rasmi wa kufanya hivyo. Kwa hiyo ripoti ya kampuni inayojumlisha graduat na miaka ya kazi, ikatamka kwamba ni shahada kamili, imevuka mpaka wake, na ofisa ana haki ya kuiweka kando sehemu hiyo. Suluhisho ni ripoti mbili: moja ya kampuni kuhusu vyeti, nyingine ya profesa kuhusu uzoefu, ikiambatana na barua ya mkuu wa kitivo au msajili inayothibitisha kwamba profesa huyo ana mamlaka hayo. Barua hiyo ya msajili ndiyo watu husahau, na usitegemee kwamba RFE ya pili itakuja kukukumbusha.

Ukihamia EB-2, mlango wa kuunganisha unafungwa. Kanuni inataka shahada ya juu kuliko ya kwanza, au shahada ya kwanza *moja* ikifuatwa na miaka 5 ya kazi inayopanda ngazi. Graduat na kazi, diploma na cheti cha bodi, digrii ya miaka 3 na stashahada ya uzamili: kwa kawaida idara hairuhusu kuzishona pamoja ili zipatikane shahada. EB-3 ya wataalamu, katika kundi la tatu la grinikadi za kazi, ni hivyohivyo. Inataka kumbukumbu rasmi ya chuo inayoonyesha tarehe shahada ilipotolewa na fani yake. Ndiyo maana CPA, cheti cha uhasibu, ya Kenya au ya Tanzania isiyo na digrii nyuma yake, hata kama imekugharimu usingizi wa miaka, haihesabiki hapo kama shahada. Ni cheti cha bodi ya taaluma na hakikutolewa na chuo. Mwenye hali hiyo hupata nafasi kwenye EB-3 ya wafanyakazi wenye ujuzi, ambayo inataka angalau miaka 2 ya mafunzo au uzoefu, mradi mwajiri hakuandika kwenye cheti chake cha ajira (labor certification, hati ya idara ya kazi ya Marekani inayotaja sifa za kazi hiyo) kwamba shahada ni lazima. Alichoandika mwajiri siku ile ndicho kitakachosomwa, neno kwa neno, na hakirekebishwi kwa sababu RFE imefika.

Ripoti ya tathmini ni ushauri

Mwaka 1988, katika Matter of Sea, uhamiaji walisema tathmini ya vyeti ni maoni ya ushauri. Ofisa anaweza kuipokea, kuipunguzia uzito au kuikataa pale inapopingana na mengine yaliyo kwenye faili. USCIS haina orodha ya kampuni ilizozipitisha. Kuwa mwanachama wa NACES, umoja wa watathmini ulioanza 1987, kunasaidia kuonyesha kwamba kampuni ni ya kweli, basi.

Wakati huohuo ofisa ana chanzo chake mwenyewe, EDGE, hifadhidata ya AACRAO, chama cha wasajili na maofisa udahili wa vyuo vya Marekani. Inaeleza nchi kwa nchi kila cheti kinalingana na nini. Ripoti yako ikisema kitu na EDGE ikasema kingine, na wewe ukanyamaza, EDGE itashinda. Kabla ya kulipa mtathmini mpya, mwulize kama ameangalia EDGE kwa nchi yako na kwa mwaka wako. Kama EDGE iko upande wako, aitaje na kuambatanisha ukurasa. Kama haiko, aeleze kwa nini cheti chako kinatofautiana na kile kilichoelezwa humo.

Ripoti dhaifu utaitambua haraka: kurasa mbili, ya kwanza inataja jina na chuo, ya pili inatamka kwamba shahada hii ni sawa na ya Marekani, sahihi, mhuri. Hakuna sababu. Ripoti yenye nguvu hutaja masharti ya kujiunga, urefu wa programu, chombo kilichokitambua chuo (TCU kwa Tanzania, CUE kwa Kenya, NCHE kwa Uganda), masomo moja baada ya moja na krediti zake, kisha ndipo inahitimisha. Kiwango cha ushahidi si kikubwa kama watu wanavyodhani. Matter of Chawathe ya mwaka 2010 inasema inatosha kuonyesha kwamba dai lako lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Lakini ofisa hawezi kushawishika na sababu ambazo hakupewa.

Kwenye fani, transkripti ndiyo inayosema kuliko jina la shahada. Kanuni ya H-1B iliyoanza kutumika Januari 2025 inataka uhusiano wa kimantiki kati ya fani na majukumu ya kazi. Mwenye shahada ya hisabati anayefanya uchambuzi wa data aonyeshe masomo ya takwimu na programu aliyosoma, kila moja na jukumu linalolihitaji. Jedwali la safu mbili lina faida kuliko kurasa tano za sifa.

Tarehe, majina na chuo kilichobadilika

Ile miaka 5 ya EB-2 inahesabiwa baada ya shahada, na huku kwetu mtu humaliza mitihani mwezi wa saba, mahafali yakafanyika Novemba au mwaka unaofuata, cheti kikachukuliwa hata baadaye. Ofisa huanza na tarehe iliyo kwenye cheti. Uamuzi wa mwaka 2017, Matter of O-A-, Inc., ulifungua njia. Cheti cha muda kinaweza kutumika kama mwanzo wa hesabu ikiwa kinathibitisha kwamba mwanafunzi alikuwa ametimiza masharti yote ya shahada na chuo kilikuwa kimeipitisha. Omba barua ya msajili inayosema tarehe seneti ilipopitisha matokeo, na kwamba baada ya hapo hukudaiwa chochote ila sherehe. Miezi minne inaweza kuwa tofauti ya kukubaliwa na kukataliwa.

Majina yanahitaji maelezo hata pale ambapo kwetu hayashangazi mtu. Cheti cha sekondari kina majina mawili, cha chuo kina matatu, pasi ina jina la babu ambalo halimo kwingine. Mwanamke ameolewa, amebadili. Usimwachie ofisa afumbue fumbo hilo. Tuma hati ya kiapo au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, cheti cha ndoa kama kipo, na aya moja inayoorodhesha kila namna jina lilivyoandikwa na kwenye karatasi ipi.

Vyuo navyo hubadilika. Aliyesoma udaktari Muhimbili kabla ya 2007 ana cheti cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilhali barua yake ya uthibitisho leo itatoka MUHAS, yaani Muhimbili iliyokuja kuwa chuo kikuu kinachojitegemea. Aliyesoma Ardhi kabla ya mwaka huohuo yuko hivyohivyo. Ofisa anayeona majina mawili ya vyuo kwenye shahada moja atauliza, kwa hiyo sentensi mbili za historia ya chuo, zilizosainiwa na msajili, zimalize swali kabla halijaulizwa.

Karatasi yoyote ya Kifaransa au Kiswahili iende na tafsiri kamili ya Kiingereza, mihuri na maandishi ya pembeni yakiwemo, na mfasiri aandike kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba yeye ana uwezo wa lugha hizo. Kanuni haidai awe na leseni. Usijitafsirie mwenyewe, hata kama Kifaransa chako ni kizuri kuliko cha mfasiri.

Kuhusu uhalali wa cheti, kama barua inauliza hilo, pata uthibitisho wa moja kwa moja kutoka NECTA, KNEC (baraza la mitihani la Kenya) au msajili wa chuo, uliofungwa na wao. Na kama kuna cheti ndani ya faili ambacho unajua hakikupatikana kihalali, hata kama ni cha sekondari cha zamani, usikitetee wala kukibadilisha kimyakimya. Ongea na wakili kabla ya kutuma karatasi nyingine yoyote. Udanganyifu juu ya jambo la msingi huweka kizuizi cha kuingia Marekani kisichokuwa na mwisho wa muda, na kinafuata jina lako kwenye kila ombi.

Unapofunga bahasha, barua ya awali ya RFE iwe juu, ikifuatwa na barua ya maelezo inayonukuu swali la ofisa na kulijibu kwa kutaja vielelezo kwa namba. Kama mwajiri alilipia huduma ya haraka, saa ya kuhesabu siku inaanza upya jibu likipokelewa. Ombi likikataliwa kwa hoja za elimu, mwajiri ana siku 30, au 33 kama uamuzi ulitumwa kwa posta, kukata rufaa au kuomba ofisi ifikirie upya. Likikataliwa kwa sababu hakuna aliyejibu, rufaa haipo, ila ombi la kulifungua tena. Na EB-2 iliyokwama kwenye ngazi ya shahada inaweza wakati mwingine kupelekwa upya kama EB-3 kwa cheti kilekile cha ajira, ikiwa maneno ya mwajiri yanaruhusu. Hilo mwulize wakili wiki ileile uamuzi unapofika.